Kalibu, Kiasi na Kaliba: Maelezo juu ya Vipimo vya Bunduki za Uwindaji na za Shabaha

Makala haya yakusudia kueleza jambo ambalo hutajwa mara nyingi katika Kiswahili bila ya kufafanuliwa, nalo ni kaliba ya bunduki. Mwindaji husema kwamba aipenda .375, mlenga shabaha husifu.22, askari mzee hukumbuka.303 aliyoibeba begani. Tarakimu hizi huonekana kama kwamba ni vipimo tu, na kwamba aijuaye hesabu amekwisha kuzielewa. Lakini sivyo. Tarakimu hizi ni majina, na kama yalivyo majina mengine yote, baadhi yake husema kweli, baadhi husema nusu ya kweli, na mengine hupotosha.

Jambo hili si la wataalamu wa lugha peke yao. Mwenye kutia katika bunduki yake kiasi kisichokuwa chake aweza kupoteza mkono au jicho; na mwenye kumpiga nyati kwa risasi isiyomfaa, kisha akaenda zake, humwachia mwanakijiji atakayepita njia ile kesho yake hatari asiyoijua. Kwa hiyo yafaa tuanze na maneno, kisha tuingie katika vipimo vyenyewe, na mwisho tutazame ni viasi gani vipendwavyo, na kwa sababu gani.

I. Maneno

Neno bunduki tumelipata kwa Waarabu. Kwao bunduq ni tunda dogo gumu la mviringo, jamii ya njugu, na kwa mfano wa umbo lake likawa pia jina la kidonge cha kurushwa kwa upinde. Baadaye silaha yenyewe ikachukua jina la kidonge. Risasi nalo ni neno la Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini ya risasi, ambayo ni mazito na huyeyuka upesi, hata mtu aweza kuyamimina nyumbani mwake. Chombo cha kumiminia ni kalibu. Wazee wa pwani walisema kalibu ya risasi, kama walivyosema kalibu ya mfua fedha.

Hapa pana jambo la kupendeza. Neno kaliba, ambalo tumelichukua kutoka Kiingereza, Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Na kwa maoni ya wataalamu wengi wa lugha, Ulaya ililipata kutoka neno lile lile la Kiarabu, qalib, lililotupa sisi kalibu. Waarabu nao walilitoa kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa ni jina la kibao cha mshona viatu chenye umbo la mguu. Basi kalibu na kaliba ni ndugu waliopotezana: mmoja alikuja kwetu kwa jahazi moja kwa moja, wa pili alizunguka Ulaya kabla ya kufika. Maana zao zimeachana, lakini asili haikupotea, kwani kalibu ndiyo iliyoamua unene wa risasi, na unene wa risasi ndio uliotakiwa kulingana na tundu la kasiba.

Neno la tatu ni kiasi. Kamusi za zamani zimehifadhi maana yake moja ambayo vijana wengi hawaijui: kiasi ni risasi kamili, pamoja na ganda lake, baruti yake na fataki yake. Sababu yake ni wazi. Mwenye gobori alipima baruti kwa mkono na kwa jicho, akashindilia kwa mdeki. Ilipokuja bunduki iliyojazwa kwa nyuma, baruti ilikuwa imekwisha kupimwa kiwandani. Ndipo watu walipoiita bunduki ya viasi.

Tukiyapanga majina ya bunduki za zamani, tutaona kwamba Waswahili hawakuziainisha kwa upana wa tundu, bali kwa namna moto ulivyoifikia baruti: bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi, bunduki ya gumegume kwa cheche ya jiwe, na bunduki ya fataki kwa kidonge kinacholipuka kwa kugongwa. Huu ni uainishaji wa akili, maana katika zama zile tofauti kubwa ilikuwa hapo. Upana wa tundu haukuwa na umuhimu mkubwa kwa sababu kila mtu alimimina risasi za bunduki yake mwenyewe. Viwanda vilipoanza kutengeneza viasi kwa maelfu, ndipo kipimo kilipolazimika kuwa jina.

II. Namna majina yafanyikavyo

Ndani ya kasiba ya bunduki ya risasi mna mifereji inayozunguka, ambayo huipa risasi mzunguko ili isiyumbe hewani. Kwa hiyo kasiba moja ina vipenyo viwili: kipenyo cha juu ya matuta na kipenyo cha ndani ya mifereji. Risasi hutengenezwa kulingana na hicho cha pili, lakini jina mara nyingi hutokana na hicho cha kwanza. Ndiyo maana .303, yaani sehemu 303 katika 1,000 za inchi, hupiga risasi yenye unene wa .311 hivi. Vivyo hivyo .404 ya Jeffery ina risasi ya .423, na .470 ina risasi ya .475 hivi. Msomaji akumbuke, basi, kwamba namba si rula.

Mataifa nayo yana desturi mbalimbali. Watu wa bara la Ulaya hutaja kipenyo na urefu wa ganda kwa milimita: 7 × 57 ni risasi ya milimita 7 katika ganda la milimita 57. Waingereza hutaja kipenyo kwa inchi na kukiunganisha na jina la fundi, kama .416 Rigby. Wamarekani hawana kanuni moja. Katika .45-70 namba ya pili ilikuwa ni uzito wa baruti kwa greni, katika.30-06 ni mwaka, kwani kiasi hicho kilikubaliwa na jeshi lao mwaka 1906. Tena kiasi kimoja chaweza kuwa na majina mawili: 7 × 57 ya Mauser ndiyo hiyo hiyo iliyoitwa .275 na Rigby wa London.

Bunduki za marisau zina hesabu yake peke yake, nayo huwapotosha watu zaidi ya zote. Namba 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya risasi ikigawanywa katika vidonge 12 vilivyo sawa, kila kidonge kitaenea katika tundu la kasiba hiyo, ambalo ni milimita 18.5. Kwa hiyo namba ikizidi, tundu hupungua: namba 20 ni milimita 15.6 tu. Asiyejua hudhani kwamba 20 ni kubwa kuliko 12. Hatari yake ni hii: kiasi cha namba 20 kikitiwa katika bunduki ya namba 12, huteleza mbele na kukwama ndani ya kasiba. Mtu akitazama nyuma huona chumba ni kitupu, akatia kiasi cha namba 12, akapiga. Na kasiba hupasuka mbele ya mkono wake. Ndiyo maana viasi vya namba 20 hutengenezwa vya rangi ya manjano, ili jicho litambue pale jina linapodanganya. Na .410, ambayo nayo ni ya marisau, haimo katika hesabu hii. Hiyo ni inchi.

III. Viasi vya shabaha

Katika shabaha, kinachotakiwa ni risasi kufuata njia moja kila mara, na bega la mpigaji lisichoke. Nguvu ya kuua haihitajiwi. Kwa sababu hiyo kiasi kidogo kuliko vyote vilivyoenea, .22 Long Rifle, kilichobuniwa Marekani mwaka 1887, ndicho kinachopendwa sana. Risasi yake ina uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6, na huenda kwa mwendo wa mita 330 hivi kwa sekunde. Katika mashindano ya Olimpiki hutumika kwa umbali wa mita 50, na duara la kumi katika shabaha hiyo lina kipenyo cha milimita 10.4, upungufu wa mara mbili ya unene wa risasi yenyewe. Bunduki ya hewa, yenye kaliba ya milimita 4.5, hupigwa kwa mita 10, na alama ya kumi ni nukta ya nusu milimita.

Mwendo huo wa .22 una hekima ndani yake. Risasi inayoanza kwa kasi kupita sauti, kisha ikapungua hadi chini ya sauti kabla ya kufika, hutikiswa njiani. Inayoanza chini ya kasi ya sauti huepuka mtikisiko huo. Kwa masafa marefu, kama yadi 1,000, haiwezekani kufanya hivyo, na hapo hupendwa viasi kama .308 Winchester, iliyotokea mwaka 1952, ambayo ganda lake ni fupi kuliko la .30-06 ingawa risasi zao zina unene mmoja.

IV. Viasi vya uwindaji

Kwa wanyama wa kadiri ya swala hata kongoni, duniani kote hupendwa kaliba za milimita 7 hadi 8. Huko Marekani .30-06 imependwa kwa zaidi ya miaka 100 kwa kuwa bunduki moja hukubali risasi nyepesi za greni 150 na nzito za greni 220, na teke lake mtu wa kawaida aweza kulistahimili.

Kwa wanyama wakubwa na wenye hatari, hesabu ni nyingine. Tulinganishe uzito, mwendo na nguvu ya viasi vichache, kwa makadirio ya karibu. 7 × 57 yenye risasi ya gramu 11.2, kwa mwendo wa mita 700 kwa sekunde, hutoa nguvu ya jouli 2,700. .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912, hurusha gramu 19.4 kwa mita 770, nayo ni jouli 5,700. .416 Rigby ya mwaka 1911 hurusha gramu 26 kwa mita 720, yaani jouli 6,700. .470 Nitro Express, ambayo hupigwa kwa bunduki ya midomo miwili, hurusha gramu 32.4 kwa mita 655, yaani jouli 6,900. Katika nchi kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji, .375 imewekwa kuwa kaliba ya chini kabisa kwa nyati na tembo.

Wako watakaouliza: je, W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa ajili ya uwindaji wake katika nchi ya Karamoja, Uganda, hakuua tembo zaidi ya 1,000, walio wengi kwa hiyo hiyo 7 × 57? Ni kweli. Lakini Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, alitumia risasi ngumu isiyotanuka, na alipiga mahali pale tu. Mafanikio yake yathibitisha kwamba mahali pa kupiga ni muhimu kuliko kaliba. Hayathibitishi kwamba kila mtu aweza kupiga kama yeye. Sheria huweka kipimo kwa ajili ya mkono wa wastani, na kwa siku ambayo mnyama hasimami vizuri. Kwa upande wa pili, asiyeweza kustahimili teke la .470 hufumba macho kabla ya kupiga, na aliyefumba macho hajasaidiwa na jouli 6,900.

Wala tusisahau aina ya baruti. Katika vita vya Tanga, Novemba 1914, wengi wa askari wa Kijerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mtindo wa mwaka 1871, zenye kaliba ya milimita 11. Kwa tundu zilizidi .303 za adui zao, lakini baruti yake nyeusi ilitoa moshi mwingi uliomfichua mpigaji. Ukubwa wa tundu peke yake haukuwa faida.

Tangu mwaka 1977 Kenya imepiga marufuku uwindaji wa mchezo, ilhali Tanzania huuruhusu kwa leseni. Lakini hata pale ambapo hakuna awindaye kwa furaha, askari wa wanyamapori huitwa kumwondoa mnyama aliyevamia shamba, naye hana budi kujua alichoshika mkononi.

V. Mapendekezo

Kwa hayo yote, twaona yafaa maneno haya yatumike kwa maana zilizo mbalimbali. Kalibu ibaki kuwa chombo cha kumiminia. Kipenyo kiwe ni upana halisi, uliopimwa. Kaliba iwe ni jina la kipimo, lenye kukubaliwa hata pale lisipolingana na kipenyo. Kiasi kirudishiwe maana yake ya zamani, na risasi iwe ni kile tu kiendacho mbele, kwani leo neno hilo moja hubebeshwa maana zote mbili, na mwuzaji na mnunuzi wakatoka dukani kila mmoja akiwa na lake moyoni.

Na katika leseni, katika daftari la duka na katika ghala la askari, jina la kiasi liandikwe kamili. Kuandika ".30" peke yake hakutoshi, maana .30-06 na .30-30 ni viasi viwili, na .308 ni cha tatu, ingawa risasi zote tatu zina unene mmoja. Jina kamili limepigwa muhuri katika kitako cha ganda na juu ya kasiba. Kazi ya mwenye bunduki ni kuyasoma yote mawili kabla ya kujaza, na kuona kwamba yamepatana.