Kompyuta Ikianguka Baada ya Kusasishwa: Okoa Nyaraka Kabla ya Kukubali Ifutwe

Huduma nyingi ambazo zamani zilimalizika kwa karatasi na muhuri leo huanzia kwenye kompyuta. Barua ya maombi, hesabu za ushirika, orodha ya wanafunzi wa skuli na fomu ya mkopo wa elimu ya juu huandikwa na kuhifadhiwa humo. Kwa hiyo kompyuta inapogoma kuwaka, kinachosimama ni shughuli ya mtu mwenye haja yake.

Makala haya yanaeleza hitilafu moja ambayo huwatia watu hofu: kompyuta iliyokuwa nzima jana inasasishwa usiku, na asubuhi inaonesha skrini ya buluu au nyeusi yenye maandishi yasiyoeleweka, inajizima, inawaka, kisha inaanguka tena. Wengi huipeleka mara moja kwa fundi, na fundi mwenye haraka hushauri "kupiga Windows upya". Ushauri huo ukifuatwa bila tahadhari, nyaraka za miaka hufutika kwa dakika chache, ilhali mara nyingi hazikuwa na tatizo lolote.

Kiini cha mfumo ni nini?

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, kama Windows au Linux, na ndani ya mfumo huo kuna sehemu inayoitwa kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachosoma diski na kinachozungumza na vifaa kama kibodi na printa. Programu nyingine zote, ikiwemo ile ya kuandikia barua, hupata huduma kupitia kwake.

Tuchukue mfano wa jahazi. Abiria akiugua, safari inaendelea. Nahodha akipoteza mwelekeo karibu na mwamba, jambo la busara ni kutia nanga. Ndivyo ilivyo hapa: programu ya kawaida ikiharibika, hujifunga peke yake na nyingine zikaendelea, lakini kiini kikigundua kosa ndani yake, husimamisha kompyuta nzima kwa makusudi ili kosa hilo lisije kuharibu mafaili. Skrini ya buluu ni nanga iliyotiwa. Haimaanishi kwamba shehena imezama.

Kwa nini hutokea baada ya kusasisha?

Sababu ya kwanza ni kutopatana. Toleo jipya huja na kiini kilichobadilika, lakini programu zinazoendesha vifaa, au zile za kuzuia virusi, zimebaki za zamani. Kwa kuwa hizi hufanya kazi ndani ya kiini au jirani nacho, kosa lao huangusha mfumo wote. Jambo hili linatuhusu zaidi sasa, kwani huduma ya kawaida ya Microsoft kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wanahamia Windows 11. Toleo hilo huhitaji kifaa cha usalama cha TPM 2.0, kumbukumbu isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 64. Kompyuta nyingi za mtumba hazitimizi masharti hayo, na kuzilazimisha ni kukaribisha matatizo.

Sababu ya pili ni umeme. Kisiwa chetu hupokea umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na hali imekuwa bora kuliko enzi za majenereta. Hata hivyo, kukatika kwa ghafla hakujatoweka. Umeme ukikatika wakati kiini kipya kinaandikwa kwenye diski, huandikwa nusu. Sababu ya tatu ni diski kujaa, kwani sasisho linakosa mahali pa kukaa.

Funzo la Julai 2024

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho dogo kwa wateja wake duniani. Kanuni mpya zilitaka kusoma taarifa ya 21, ilhali programu ilikuwa imeandaliwa taarifa 20 tu. Kwa kuwa programu hiyo hufanya kazi ndani ya kiini cha Windows, kosa hilo liliangusha kompyuta zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5. Viwanja vya ndege, hospitali na benki katika nchi nyingi vilikwama.

Sasisho hilo liliondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta nyingi zilizokwisha kuanguka hazikuweza kupokea marekebisho kwa mtandao. Ilibidi mafundi wazifikie moja moja, waziwashe katika hali salama na kufuta faili moja lenye kosa. Tiba ilikuwa kuondoa faili hilo tu. Barua na hesabu za watu hazikuwa na sababu ya kuguswa. Kama tiba hiyo ilitosha kwa benki na hospitali, mwenye kompyuta moja Konde au Wingwi asikubali haraka kwamba yake haina dawa ila kufutwa.

Hatua za kufuata

1. Piga picha ya skrini kwa simu. Maandishi na namba zilizoonekana humsaidia fundi kujua chanzo. Andika pia ulichobadilisha siku hiyo: sasisho, printa mpya au programu mpya.

2. Zima kompyuta, kisha chomoa vifaa vyote visivyo vya lazima: printa, flashi, modemu. Iwashe tena. Wakati mwingine kosa liko kwenye kifaa kimoja tu.

3. Kwa Windows, mfumo ukishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, kwa kawaida hufungua wenyewe ukurasa wa matengenezo. Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, halafu Uninstall Updates ili kuondoa sasisho la mwisho. Njia ya pili ni Startup Settings, inayokuwezesha kuwasha kompyuta katika hali salama. Katika hali hiyo mfumo hutumia programu chache za lazima, hivyo unaweza kuondoa ile iliyoleta matatizo.

4. Kama ulihama kutoka Windows 10 kwenda 11, una siku 10 za kurudi kwenye toleo la awali. Katika siku hizo usifute folda ya Windows.old, kwani ndimo toleo lako la zamani lilimohifadhiwa.

5. Kwa kompyuta zenye Linux, kama Ubuntu, kiini cha zamani kwa kawaida hubakishwa pamoja na kipya. Wakati wa kuwaka, bonyeza Shift au Esc, fungua orodha ya chaguo za ziada, kisha chagua kiini kilichotangulia. Ikiwaka, angalia kama sehemu ya diski iitwayo boot imejaa. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Usifute kiini cha zamani mpaka kipya kimethibitika.

6. Kama kompyuta inaendelea kuanguka hata baada ya kurudi kwenye toleo la zamani, huenda tatizo ni diski au kumbukumbu, si sasisho. Hapo fundi anahitajika.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Mwambie waziwazi: "Okoa nyaraka kwanza." Fundi anaweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux na kunakili mafaili, au kuifungua diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine. Usiridhie diski ifutwe mpaka umeyaona mafaili yako, kwa macho yako, mahali pengine.

Ipo tahadhari moja. Baadhi ya kompyuta hufunga diski kwa ulinzi uitwao BitLocker. Kuifungua kunahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Bila ufunguo huo hata fundi hodari hatayasoma mafaili yako. Utafute leo, uandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na hati zako muhimu, si ndani ya kompyuta hiyo hiyo.

Kinga

Kabla ya kusasisha, nakili nyaraka muhimu kwenye flashi au diski ya nje, kisha ichomoe. Hakikisha diski ina nafasi. Kompyuta mpakato iwe na chaji ya kutosha na ibaki kwenye umeme. Ya mezani itumie kifaa cha akiba ya umeme, maarufu kwa jina la UPS. Usianze kazi hiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi. Kwa skuli, ushirika au steshenari yenye kompyuta kadhaa, sasisha moja kwanza, itumie siku chache, ndipo uendelee na zilizobaki.

Lakini tusiache kusasisha kwa hofu. Masasisho huziba mianya ambayo wezi wa mitandaoni huitumia, na kompyuta iliyoachwa miaka bila kusasishwa iko hatarini zaidi. Kinachotakiwa ni kusasisha huku nakala ya kazi yako ikiwa mahali salama. Akiba haiozi: flashi moja iliyowekwa kabatini leo inaweza kuokoa maombi ya mkopo ya mwanao kesho.