Mgonjwa wa Kwanza wa Mdogo Wangu

Kama hujawahi kuishi nyumba moja na mtu anayesomea mtihani wa udaktari, shukuru Mungu! Mimi nimeishi naye wiki 5 huko Houston, Marekani, mwaka 2023, na hadi leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Mdogo wangu alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa udaktari, anajiandaa na hatua ya kwanza kati ya 3 za USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari wa kule. Siku nzima, masaa 8, maswali hadi 280 kwenye kompyuta. Tangu Januari 2022 hatua hiyo haitoi tena alama. Unaambiwa umefaulu au umefeli, basi. Unadhani presha ilipungua? Thubutu! Ukifeli inabaki kwenye rekodi yako, na hospitali utakazoomba nafasi zitaiona.

Mama akaniambia, “Nenda kamwangalie mwenzio, asije akadata.” Nikachukua likizo, huyoo!

Nilimkuta kavaa kanga ile ile tangu Jumatatu. Ukuta wa choo umejaa vikaratasi vya majina ya bakteria. Mlango wa friji una picha ya minyoo, kwa hiyo hamu ya maziwa ikaniisha siku hiyo hiyo. Mchumba wake akija anapewa dakika 20, zinahesabiwa kwa simu. Siku moja shemeji alileta maua. Mdogo wangu akayaweka pembeni, akamwambia, “Asante mpenzi. Sasa toa ulimi, halafu fuata kidole changu kwa macho.” Masikini shemeji, akatii!

Kwake kila mtu alikuwa mgonjwa. Yeye mwenyewe kuna asubuhi alijigundulia magonjwa 4 kabla ya chai. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Usiku mmoja tumekaa mezani, yeye anabukua, mimi na glasi yangu ya barafu. Ghafla akafunga kitabu.

“Dada, barafu unatafuna tangu lini?”

“Si joto la huku?”

“Na Dar je?”

Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba ofisini nilikuwa natafuna barafu kutwa. Akavuta kope yangu ya chini, akaangalia kucha, kisha akauliza kitu ambacho hatujawahi kuongea: “Hedhi yako ikoje?”

Wanawake wenzangu, nilikuwa nabadilisha pedi kila baada ya saa moja. Ngazi za ofisini nazipanda nahema kama mzee. Nikijiambia ni kazi nyingi tu.

“Barafu, udongo, mchele mbichi,” akasema. “Mtu akivitamani hivyo, mara nyingi mwili wake umepungukiwa madini ya chuma. Swali hili nimelijibu leo asubuhi.”

“Umeanza tena!”

Safari hii hakucheka. “Mimi bado si daktari, dada. Ila niahidi utapima.”

Siku ya mtihani shemeji ndiye aliyempeleka. Mimi nilimfungia chapati na maharage ya kula wakati wa mapumziko. Kesho yake nikapanda ndege.

Dar nikapima. Damu ilikuwa 7.9, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa kuwa na 12 au zaidi. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, na huo ndio uliokuwa unanimwagisha damu. Nikaanzishiwa vidonge vya chuma, nikapangiwa upasuaji.

Wiki 3 baadaye simu ikalia usiku. “Dada, nimefauluuu!” Nikapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nilipotulia nikamwambia, “Na mimi nimefika 9.6.” Kimya. Kisha nikamsikia analia.

Kwa hiyo msomaji, kama nyumbani una mtu wa mitihani, mpikie, mpunguzie kelele, na usimuulize kila saa amefikia wapi. Akikwambia unaumwa, cheka, ruksa. Ila ukimaliza kucheka, nenda kapime.