Je, Wajua? Mifupa Husikia Vishindo

Je, wajua kuwa mfupa wa mtoto hupinda? Anaporuka kamba na nyayo zikatua kwa kishindo, mfupa wa goko hupinda kiasi kidogo mno, jicho haliwezi kukiona. Chembe hai zilizojificha ndani ya mfupa huo huhisi kile kishindo na kuanza ujenzi: palipoelemewa huongezwa madini. Daktari mpasuaji wa Kijerumani, Julius Wolff, aliliandika jambo hili mwaka 1892, kwamba mfupa hujipanga kufuatana na mzigo unaoubeba. Ukitaka kuliona kwa urahisi, mtafute mcheza tenisi wa miaka mingi. Mkono unaoshika raketi huwa na mfupa mnene kuliko mwenzake, ingawa yote miwili imelishwa ugali uleule.

Kubwa zaidi ni umri wa kuanza. Watafiti wa Finland waliwapima wanawake wacheza tenisi na skwoshi, wakachapisha matokeo yao mwaka 1995: walioanza mchezo kabla ya kuvunja ungo, au karibu na wakati huo, walikuwa wamevuna ziada ya mfupa takriban mara mbili ya walioanza baadaye. Huko Saskatchewan, Kanada, watoto walifuatiliwa mwaka hadi mwaka, na ikaonekana kwamba karibu robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka miwili tu, ile inayozunguka kilele cha uwekaji wa madini hayo. Kwa wasichana ni karibu na miaka 12 na nusu, kwa wavulana 14.

Sasa tazama nyumbani kwetu. Huo ndio umri ambao binti huambiwa amekua, atulie, aache kurukaruka kama mtoto, aje jikoni. Kaka yake anaendelea na chandimu hadi adhana ya magharibi. Binti huyohuyo akifika miaka 70, akateleza bafuni na nyonga ikavunjika, tunasema ni uzee.

Je, wajua kuwa majogoo ndio waliotufundisha kuwa miruko haihitaji kuwa mingi? Mwaka 1984 wanasayansi Clinton Rubin na Lance Lanyon walijaribu kuubana mfupa wa bawa la jogoo kwa mashine, mara chache au mara nyingi kwa siku. Mibano 36 kwa siku ilitosha kuunenepesha mfupa. Walipofikisha 1,800, mfupa haukuongeza chochote zaidi ya hapo. Ni kama umeshasikia ujumbe, kelele za ziada hazina maana kwake. Kwa hiyo mtoto aliyeruka kamba kidogo kabla ya kengele, akaruka tena kidogo mapumziko ya saa nne, huenda ameishughulisha mifupa yake vizuri kuliko mwenzake aliyekimbizwa saa nzima Jumamosi akapumzika wiki nzima.

Sisi tulicheza rede nyuma ya madarasa. Mpira wetu ulikuwa soksi iliyojazwa matambara na kushonwa mdomo. Wawili wanarusha, mmoja huku na mmoja kule, na wewe uko katikati na chupa ya kujaza mchanga. Unainama, unachota kwa kiganja, unasikia makelele, unaruka upande, soksi inapita chini ya kwapa, unarudi kwenye chupa. Nusu ya mchanga umemwagika. Mwalimu mmoja alikuwa akitupita na kusema tunapoteza muda.

Je, wajua kuwa huo mtindo wa kushtuka na kutulia ndio mwendo wa asili wa mtoto? Watafiti wa Marekani waliwatazama watoto wa miaka 6 hadi 10 wakiwa katika shughuli zao za kawaida, wakaandika kila walichofanya, sekunde kwa sekunde. Ile michomoko ya nguvu nyingi ilidumu kwa kawaida sekunde 3 tu, na karibu yote iliisha kabla ya sekunde 15. Kisha wanapumua, kisha tena. Mtu mzima hujiwekea nusu saa ya kukimbia bila kusimama na kuiita nidhamu. Mtoto ukimlazimisha hivyo atakata tamaa kabla miguu haijachoka, na wala si uvivu.

Miguu yenyewe ni ya ajabu. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa na Australia waliwapandisha kwenye baiskeli za mazoezi wavulana wa miaka 8 hadi 12, watu wazima wa kawaida, na wanariadha wazima wa michezo ya ustahimilivu wa kiwango cha taifa. Wavulana walishindana na wanariadha katika kuvumilia uchovu. Walipoteremka, mapigo yao ya moyo yalirudi chini haraka kuliko hata ya wale wanariadha. Misuli ya mtoto hutumia zaidi nishati inayotengenezwa kwa hewa ya oksijeni, na husafisha mabaki ya kazi upesi. Mzazi aliyewahi kurudi ufukweni na watoto Jumapili jioni, yeye hoi na wao wakiuliza kama wanaweza kucheza kidogo kabla ya kuoga, hakuhitaji baiskeli kulijua hilo.

Je, wajua kuwa mchakamchaka ulikuwa na kipimo chake ndani? Waliosoma shule za msingi Tanzania wanaukumbuka: asubuhi baridi bado ipo, mstari mrefu barabarani, kiongozi anaimbisha na wengine wanaitikia. Wataalamu wa mazoezi wana kanuni rahisi ya kupima bidii bila mashine. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo wako ni wa wastani. Ukiweza kutoa maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, ni mwendo wa nguvu. Mchakamchaka umekaa palepale mpakani, kwa sababu kuitikia kunakupa nafasi ya kuvuta pumzi wakati kiongozi anaimba. Kiongozi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiumia.

Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020: kuanzia miaka 5 hadi 17, wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa wastani hadi wa nguvu, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na kazi za kuimarisha misuli na mifupa. Si lazima dakika hizo zifuatane. Hata hivyo, hesabu iliyochapishwa mwaka 2019, iliyokusanya majibu ya wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 146, ilionyesha kuwa kati ya vijana 100 wa miaka 11 hadi 17, 81 hawafikii kiasi hicho. Wasichana ni 85, wavulana 78. Na utajiri si kinga: Korea Kusini ilikuwa na hali mbaya kuliko zote, 94.

Je, wajua kuwa kucheza nje hulinda macho? Hapa dawa ni mwanga zaidi ya jasho. Katika jiji la Guangzhou, China, baadhi ya shule za msingi ziliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, asilimia 30 ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya karibu asilimia 40 katika shule ambazo hazikuongeza kitu. Inaaminika kuwa mwanga mkali wa mchana huchochea dopamini ndani ya jicho, nayo huzuia tufe la jicho kurefuka kupita kiasi. Hata kivuli cha mwembe kina mwanga mwingi kuliko darasa lenye taa.

Ubongo nao una fungu lake. Mwaka 2010 watafiti wa Illinois waliwapiga picha watoto wa miaka 9 na 10, na wale wenye pumzi nzuri walikuwa na hipokampasi kubwa zaidi, sehemu inayoshughulikia kumbukumbu. Hilo peke yake halithibitishi kwamba mbio ndizo zilizoikuza. Lakini watu haohao walikuwa wameshaonyesha kuwa dakika 20 za kutembea kabla ya jaribio huwasaidia watoto kuzingatia vizuri. Yule mwalimu wa rede ningependa kumwonyesha karatasi hiyo.

Kuna dhana inayopita kwenye majumba ya mazoezi na vijiweni kwamba kijana akinyanyua vyuma atadumaa. Si kweli. Madaktari wa watoto wa Marekani wameshasema kwamba mazoezi ya nguvu yakisimamiwa vizuri, na mzigo ukiongezwa polepole, hayazuii mtu kurefuka. Anayebeba ndoo ya maji kichwani tangu utotoni hakuulizwa hata siku moja kama atadumaa.

Je, wajua kuwa shule moja ya Uskoti ilianzisha jambo kubwa bila kununua hata mpira? Februari 2012 huko Stirling, mwalimu mkuu Elaine Wyllie aliwatoa wanafunzi nje kukimbia au kutembea dakika 15, wakiwa na nguo zao zilezile za shule, bila kubadilisha viatu. Wakaendelea kila siku. Jambo hilo sasa linaitwa Daily Mile na limeenea katika shule nyingi duniani. Siri yake, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuna mshindi. Kwenye mbio za mashindano mtoto mnene anajua atakuwa wa mwisho kabla filimbi haijapigwa. Hapa hakuna wa mwisho.

Umbali wa shule nao hufanya kazi. Bengt Saltin, mwanafiziolojia kutoka Sweden, aliwapima wavulana wa Bonde la Ufa nchini Kenya miaka ya 1990. Waliozoea kwenda shule kwa miguu, wakitembea na kukimbia, walikuwa na uwezo wa kutumia oksijeni uliozidi wa wenzao wasiofanya hivyo kwa takriban theluthi moja. Hakuna kati yao aliyekuwa akifanya mazoezi. Walikuwa wanawahi namba.

Kaskazini mwao, Ethiopia, mtoto wa mkulima aliyeitwa Haile Gebrselassie alikuwa akikimbia kilomita 10 kwenda shule na 10 kurudi. Alikuja kushinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000 mwaka 1996 Atlanta, na tena 2000 Sydney. Ukimtazama kwenye filamu za mbio zile, mkono wake wa kushoto haukai sawa na wa kulia. Umejikunja karibu na kifua, kama bado umekumbatia madaftari.