Masimulizi ya Mgonjwa katika Elimu ya Kujiendeleza ya Wasaidizi wa Madaktari

Msaidizi wa daktari, kwa maana inayotumika Marekani, ni mtaalamu wa afya ambaye, baada ya shahada ya kwanza, husomea tiba kwa muda wa miaka miwili na zaidi kidogo, kisha humpima mgonjwa, huagiza vipimo, hutambua maradhi na huandika dawa kwa kushirikiana na daktari; kwa majukumu yake, anakaribiana sana na tabibu wa Tanzania au afisa wa kliniki wa Kenya. Kada hiyo ilianzishwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, pale Dkt. Eugene Stead alipowapokea wanafunzi wanne waliokwisha kutoa huduma za tiba katika jeshi la majini, na leo ina watu zaidi ya 150,000.

Kwa kuwa elimu ya tiba huchakaa upesi, cheti cha mtaalamu huyo hakidumu bila kuhuishwa. Kila baada ya miaka miwili anatakiwa awe amekamilisha saa 100 za elimu ya kujiendeleza, yaani mafunzo ayapatayo akiwa tayari kazini, na angalau 50 kati ya hizo zitokane na mafunzo yaliyoidhinishwa rasmi, huku zilizobaki zikiweza kutokana na kusoma kwake mwenyewe au kufundisha wengine. Juu ya hayo, hupimwa upya katika kila mzunguko wa miaka kumi. Saa nyingi kati ya hizo huenda kwenye dawa mpya, miongozo ya kutibu kisukari au shinikizo la damu, na usomaji wa picha za eksirei, jambo ambalo hakuna awezaye kulilaumu. Hata hivyo, upo ujuzi mwingine wa kitabibu ambao huchakaa upesi vilevile, nao ni ule wa kupokea maelezo ya mgonjwa.

Udhaifu katika ujuzi huo umewahi kupimwa. Mwaka 1984 watafiti Howard Beckman na Richard Frankel, waliochunguza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa 74, walibaini kwamba daktari alimkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18 tu tangu aanze kueleza shida yake. Athari yake ni kubwa kuliko kukosa adabu, kwa sababu mgonjwa mara nyingi hutanguliza lile asiloona haya kulisema, akaliweka mwisho lile lililomleta hospitali, hivyo anayemkatiza mapema huishia kutibu lisilokuwa shida yenyewe.

Ni katika kuziba pengo hilo ndipo ulipozuka uwanja uitwao tiba ya masimulizi, ambao Dkt. Rita Charon, bingwa wa magonjwa ya ndani aliyesomea pia fasihi hadi ngazi ya uzamivu, aliuasisi rasmi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 2000. Katika warsha zake, wahudumu wa afya husoma kwa pamoja shairi au hadithi fupi, wakichunguza nani anasimulia, wakati unakwendaje na nini kimenyamaziwa, kisha huandika kwa dakika chache na kusomeana walichoandika. Nyenzo yake mashuhuri ni faili sambamba, yaani daftari ambamo mhudumu huandika kwa lugha ya kawaida yale yasiyo na nafasi katika faili la hospitali: hofu ya mgonjwa, aibu yake, na hata hasira au huzuni ya mhudumu mwenyewe. Zoezi hilo humzoeza mhudumu kusikia mpangilio wa maneno ya mgonjwa kama msomaji makini anavyousikia mpangilio wa hadithi.

Thamani ya usikivu wa namna hiyo inaonekana wazi zaidi katika mfano wa Bagamoyo, Tanzania, ambako watafiti wa miaka ya 1990 walikuta kwamba wazazi wengi waliitambua degedege, yaani homa yenye mtukutiko wa mwili kwa mtoto, kuwa ni ugonjwa tofauti na malaria, wenye asili ya shetani na unaohitaji mganga kwanza. Mhudumu aliyeuliza tu kama mtoto ana malaria angeweza kujibiwa kwamba hana, na jibu hilo lingetolewa kwa moyo mweupe kabisa, ilhali aliyemwacha mama aeleze tangu mwanzo, kwa jina alilolijua yeye, angepata dalili za malaria kali pamoja na sababu ya kuchelewa kufika zahanati.

Uandishi wa faili sambamba una mipaka yake: siri ya mgonjwa hulindwa na sheria, nayo Marekani ina sheria ya mwaka 1996 inayozuia kutangaza habari za afya zinazomtambulisha mtu, hivyo lililoandikwa kwa ajili ya warsha halipaswi kutoka nje bila ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Wala masimulizi hayachukui nafasi ya maabara. Huielekeza maabara itafute nini.

Kwa hiyo wanaopanga mafunzo kazini, iwe ni kwa wasaidizi wa madaktari wa Marekani au kwa matabibu wa zahanati zetu, wanaombwa watenge saa za kufundisha usikivu, na wazihesabu pamoja na saa za dawa na vipimo.