Je, Wajua? Baiskeli ya Mikono na Milima ya Loresho

Je, wajua kwamba kwenye baiskeli nyingi za mikono pedeli zote mbili huzunguka sambamba, si kwa kupokezana kama za miguu? Cheni huvuta gurudumu la mbele, na hapo ndipo mtihani wa milima ya Loresho, mtaa wa Nairobi, huanzia. Ukipanda mlima uzito hurudi nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi na kuzunguka bure, hasa penye changarawe. Inama mbele, weka gia nyepesi mapema. Ukiteremka kuelekea barabara ya Waiyaki Way, shika breki kidogo kidogo tangu juu, na kwenye kona egemea ndani. Baiskeli hii ya magurudumu matatu hupinduka upesi kuliko unavyodhani.

Miguu ifungwe kwa mkanda. Asiyehisi miguu huenda asijue kisigino kinaburuzwa kwenye lami mpaka aone damu.

Dereva wa matatu naye huenda asikuone ukiwa umeketi chini karibu na lami, kwa hiyo inua bendera ndefu ya rangi kali.

Mbio za baiskeli za mikono ziliingia Paralimpiki ya Athens mwaka 2004. Nchini Kenya, APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo lililoanzishwa 1958, hutengeneza viti vya magurudumu na baiskeli za mikono.