Mvua haba, mafuriko mengi: Kwa nini barabara ya Garissa hukatika

KATIKA misimu miwili ya mvua iliyofuatana, vuli ya 2023 na masika ya 2024, barabara kuu inayounganisha Nairobi na Garissa ilimezwa na maji. Abiria walikwama ng'ambo hii na ile, malori ya vyakula yakapanga foleni katika eneo la Madogo, na bei za bidhaa zikapanda katika masoko ya Garissa, Wajir na Dadaab.

Mwezi Aprili 2024, basi lililokuwa na abiria 51 lilisukumwa na maji hadi nje ya barabara katika eneo la Tula. Kwa bahati njema wote waliokolewa. Mwishoni mwa mwezi huohuo, bahati haikuwepo. Mashua iliyokuwa ikivusha watu mahali barabara ilipofunikwa, katika eneo la Kona Punda karibu na Madogo, ilipinduka. Watu 23 waliokolewa lakini wengine walikufa maji.

Linaloshangaza ni kwamba mikasa hii hutokea katika mojawapo ya sehemu kavu zaidi za nchi. Garissa hupata takriban milimita 300 hadi 350 za mvua kwa mwaka, kiasi kisichofika nusu ya kile cha Nairobi. Itakuwaje basi eneo linaloililia mvua mwaka mzima likatengwa na nchi pindi mvua inyeshapo?

Jibu limo katika mambo manne: namna mvua yenyewe inavyonyesha, aina ya udongo, mwendo wa Mto Tana, na namna barabara zilivyojengwa.

Mvua ya vishindo

Wakazi wa Kaskazini Mashariki wana misimu miwili ya mvua. Wasomali huita masika ya Machi hadi Mei 'gu', na vuli ya Oktoba hadi Disemba 'deyr'. Katikati yake huja kiangazi kikali cha 'jilaal' na kile cha 'hagaa'.

Mvua ya huku haijigawi sawasawa katika siku za msimu. Huja kwa vishindo. Wingu moja laweza kumwaga kwa saa chache maji yaliyostahili kunyesha kwa wiki kadhaa, kisha anga likatakata kwa siku nyingi. Kwa hivyo, wastani wa mwaka humdanganya msafiri. Hauelezi kiasi cha maji kitakachokutana naye barabarani alasiri moja ya Novemba.

Msimu wa vuli ndio hasa unaobadilika sana. Maji ya Bahari ya Hindi yanapopata joto upande wa pwani ya Afrika Mashariki na kuwa baridi upande wa Indonesia, mawingu mengi huelekea kwetu. Hali hiyo ilikuwa na nguvu mno mnamo 2019, na mafuriko yakazikumba Wajir na Mandera. Inapoungana na El Nino, joto lisilo la kawaida katika Bahari ya Pasifiki, athari huongezeka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997 na ndivyo ilivyokuwa tena 2023.

Ukame unaotangulia nao huzidisha madhara. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini. Mvua ya 2023 ilipowadia, ilikuta ardhi tupu, nyasi zimeliwa na vichaka vimekauka. Hapakuwa na kitu cha kuyapunguza maji mwendo.

Ardhi isiyonywa maji

Mtu angetarajia ardhi kavu ifyonze maji kama sifongo. Haiwi hivyo. Matone makubwa yanapoipiga ardhi isiyo na majani, chembechembe laini za udongo huziba vinyweleo vya ardhi na kufanya utando mgumu. Maji hubaki juu, yakatafuta mteremko.

Katika sehemu zenye udongo mweusi unaonata, tatizo ni jingine. Udongo huo hupasuka nyufa wakati wa jua na kuvimba unapolowa. Nyufa zikishajifunga, maji hayapenyi tena. Juu yake gurudumu huteleza, kisha hujaa tope hadi likawa kama mpira mmoja mzito. Lori lililobeba tani nyingi za unga au sukari likikanyaga hapo huzama hadi ekseli, na yale ya nyuma yakijaribu kulikwepa huchimba njia mpya na kukwama vilevile. Ndiyo sababu madereva wazoefu wa Wajir na Mandera hukubali kulala njiani siku tatu au nne wakingoja jua likaushe ardhi. Hawafanyi hivyo kwa uvivu. Wanajua kwamba kuondoka mapema kwaweza kuwagharimu wiki nzima.

Maji yaliyokataliwa na ardhi huelekea kwenye laga, yaani mikondo ya mito ya msimu. Kwa miezi mingi laga ni mchanga mtupu; ngamia hupita na watoto hucheza. Lakini maji hufuata mkondo, na mkondo hausahau njia yake. Mvua ikinyesha kilomita nyingi juu ya laga, maji yatafika barabarani ingawa hapo penyewe halijaanguka tone. Mara nyingi hufika kwa ghafla, yakiwa yamebeba magogo na mawe.

Mto unaofurika chini ya jua

Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini, hupata maji yake katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, wala si Garissa. Kabla ya kuteremkia nyanda za chini, hupitia mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo ghala kuu la maji hayo.

Katika miaka ya kawaida mabwawa husaidia kwa kuyazuia maji ya mafuriko na kuyatoa kidogo kidogo. Lakini bwawa lililojaa halina nafasi ya kuzuia chochote. Masinga likifurika, kama ilivyotokea mwaka 2024, kila kinachoingia hutoka, na maji husafiri kwa siku kadhaa kabla ya kuifikia Garissa. Kwa hivyo mji waweza kufurika chini ya jua kali, huku wakazi wakishangaa maji yanatoka wapi.

Hapo ndipo aina mbili za mafuriko zinapokutana. Laga zinazotoka upande wa Kitui hutaka kumwaga maji yake katika Tana. Tana ikiwa imejaa, maji ya laga hukosa pa kwenda. Hurudi nyuma na kutanda katika tambarare za Madogo, Mororo na Tula, ambako barabara kuu hupita. Mafuriko ya laga peke yake huisha kwa saa chache. Yale yanayozuiwa na Tana yaweza kukaa kwa siku na hata wiki.

Barabara kugeuka ukuta

Barabara ya lami hujengwa juu ya tuta ili isilowe. Lakini tuta linalokatiza tambarare huwa kama ukuta wa bwawa. Maji yote yaliyokuwa yakienea kwa upana wa kilomita kadhaa hulazimika kupita katika madaraja machache na makalvati. Makalvati yakiwa madogo, au yakizibwa na mchanga na matawi, maji hupanda upande mmoja hadi yakafurika juu ya lami.

Yanapoteremka upande wa pili huwa na kasi kubwa. Huanza kwa kuimega kingo ya barabara, kisha udongo ulio chini ya lami. Kwa muda fulani lami yaweza kubaki ikining'inia, ikionekana nzima machoni pa dereva, ilhali chini yake mna shimo. Mara nyingi barabara hukatika hivyo, tena usiku, wakati hakuna anayeona.

Katika barabara za vumbi, laga nyingi huvukwa kwa drifti, yaani sakafu ya zege iliyowekwa katika mkondo ili maji yapite juu yake. Drifti ni nafuu kuliko daraja na hufaa mahali penye mafuriko ya saa chache. Kasoro yake ni kwamba humwachia dereva uamuzi wa kuvuka au kungoja. Pasipo nguzo za kupimia kina, dereva hukisia tu. Anayekisia vibaya hulipa kwa maisha yake na ya abiria wake.

Gari ndani ya maji

Wengi huamini kwamba basi au lori, kwa uzito wake, haliwezi kuchukuliwa na maji. Hesabu ndogo yaonyesha kosa la imani hiyo. Chukua basi la urefu wa mita 12 na upana wa mita 2.5. Maji yakishaifikia sakafu ya bodi, kila sentimita 10 zinazoongezeka hulisukuma juu kwa nguvu ya tani tatu hivi, kabla ya maji kuingia ndani. Sentimita 30 ni tani tisa. Basi linalobaki na uzito mdogo juu ya magurudumu hukosa mshiko, na mkondo unaopiga ubavuni hulisukuma kwa urahisi.

Kasi nayo si jambo la kupuuza. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Kwa gari dogo, kina cha sentimita 30 chatosha kulielea. Sentimita 60 za maji yaendayo kasi huweza kuchukua magari mengi, yakiwemo yale makubwa ya kifahari ambayo wenyewe huyaamini mno.

Nchi hii ilikuwa imekwisha kulipia funzo hilo. Mnamo Disemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao waliokuwa wakienda harusini lilizama katika Mto Enziu karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa. Maji yalikuwa yakipita juu ya barabara, na dereva alijaribu kuvuka.

Njia moja, watu wengi

Barabara ikikatika Nakuru, msafiri huzunguka. Ikikatika Tula, njia za kuzunguka ni chache na ndefu mno. Unga, sukari, mboga na dawa hutoka Nairobi na Mombasa; mbuzi, ng'ombe na ngamia wa soko la Garissa huelekea upande huohuo. Siku barabara inapofungwa, mwenye duka hupandisha bei na mfugaji hushusha yake, kwa kuwa wanunuzi hawafiki. Familia moja hupata hasara mara mbili.

Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991, hutegemea barabara hiyohiyo. Mwishoni mwa 2006 mafuriko yaliikumba kambi ya Ifo na kuikata njia ya kutoka Garissa, ikabidi misaada isafirishwe kwa ndege. Msimu huohuo ulizuka ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa, unaoenezwa na mbu wanaozaana katika maji yaliyotuama, na zaidi ya watu 100 wakafariki nchini. Wauguzi na madaktari wa mifugo walitakiwa vijijini wakati uleule ambapo vijiji havikufikika kwa gari.

Lami si dawa pekee

Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 750 kwa mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, inayopitia Modogashe, Habaswein, Wajir na El Wak kwa zaidi ya kilomita 700. Kwa wakazi wa Wajir na Mandera, umuhimu wake hauishii katika kupunguza vumbi na mitetemo. Ni njia ya pili isiyovuka Tana pale Garissa. Hata hivyo, nayo hukata laga nyingi na kupita karibu na kinamasi cha Lorian, ambako Mto Ewaso Ng'iro hupotelea. Ikiwa makalvati yatapimwa kwa kufuata mvua ya mwaka wa kawaida, mwaka wa El Nino utayafagia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuzibua makalvati mwezi Septemba, kusimamisha nguzo za kina kwenye kila drifti, kuweka walinzi wenye mamlaka ya kufunga njia, na kuhakikisha habari za kujaa kwa Masinga zinamfikia dereva wa lori kwa lugha anayoielewa, hayo yote ni nafuu kuliko kuijenga upya barabara iliyobebwa na maji. Pia mashua zinazovusha watu nyakati za mafuriko zinahitaji kukaguliwa, na kila abiria kupewa jaketi la kuokolea maisha. Barabara ikishazama, mashua ndiyo barabara, na yastahili sheria zake.

Kwa msafiri, kanuni ni chache. Usivuke maji ambayo huioni sakafu yake. Usivuke usiku. Usiandame gari lililotangulia kwa kuwa tu limevuka, maana maji yanayopanda hayangoji. Abiria akimwona dereva analielekeza basi majini, ana haki ya kudai ashushwe, na wenzake wamuunge mkono. Utingo anayewahimiza abiria kukaa kimya hatakuwa na la kuwaambia jamaa zao.

Laga nyingi hupungua baada ya saa chache tu. Kawia ufike.