Waya wa spika: shaba ya kweli na shaba ya kupakwa

Rola ya mita 100 iliyonitia aibu niliinunua Makenke, pale nje kidogo ya mji wa Mbarara panapojulikana zaidi kwa kambi ya jeshi. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la Nakivale. Plastiki yake ilikuwa nene na yenye kung'aa, upande mmoja mwekundu, wa pili mweusi, na kwenye kasha pameandikwa kuwa ni shaba tupu. Nilimuuzia mteja aliyekuwa anafunga vyombo vya harusi kambini: ampli mbele, spika mbili nyuma ya turubai, umbali wa mita 20 hivi. Jioni sauti ikatoka imechoka. Besi ilivimba bila kugonga, na maneno ya waimbaji yakawa kama yanatoka chini ya blanketi. Fundi alipokwangua waya kwa wembe, ndani ukaonekana mweupe. Ilikuwa alumini iliyovishwa ngozi nyembamba ya shaba.

Nilirudisha fedha. Lakini mabishano yaliyozuka usiku ule yalinikaa kichwani kuliko hasara yenyewe. Mmoja alisema kila waya una sauti yake, na kwamba muuzaji mzuri humchagulia mteja waya wa kuongeza besi au kulainisha ukali. Mwingine alisema waya hauna ruhusa ya kuongeza wala kupunguza: upokee sauti kwa ampli, uifikishe kwa spika, basi. Mabishano haya yapo dunia nzima miongoni mwa wapenzi wa vyombo vya muziki, na kuna wanaolipa maelfu ya dola kwa waya wa mita chache. Kwetu tunaovusha bidhaa mipakani, jibu lake linaamua tununue nini na tumwambie mteja nini.

Mimi niko upande wa pili. Kazi ya waya ni kama kazi yetu: ukipewa gunia la maharage ulifikishe Mutukula, hulifungui njiani ukaongeza chumvi, hata kama unaamini mpokeaji anapenda chumvi. Vyombo vyenyewe huitwa kwa neno la Kiingereza ambalo Mswahili akilisikia haraka anadhani umesema "haifai", lakini maana yake ni uaminifu mkubwa kwa sauti ya asili. Anayetaka besi zaidi ana kitufe cha besi kwenye ampli au miksa. Leo atakiongeza, kesho kwenye mahubiri atakirudisha. Waya uliochaguliwa kwa "ladha" hauna kitufe.

Hata hivyo, yule wa kwanza hakuwa anaota ndoto. Waya hubadilisha sauti kweli, ila kwa njia ambayo ni kasoro. Tuchukue mfano wa harusi ile. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa mzigo wa omu 4. Mita 20 kwenda na 20 kurudi ni mita 40 za waya. Kama ni shaba yenye unene wa milimita 2.5 za mraba, ukinzani wa waya hauzidi sana robo ya omu, na spika hupata takriban wati 88 kwa kila 100 ambazo zingepata bila hasara yoyote. Kama ni alumini iliyopakwa shaba yenye unene wa milimita 0.75 za mraba, ukinzani hufika omu 1.4, na spika hubaki na wati 55 hivi. Sehemu ya zilizobaki huupasha waya joto, na nyingine ampli haizitoi kabisa.

Sikio halisikii nusu ya wati kama nusu ya sauti, kwa hiyo mteja anaweza kuongeza ampli na kudhani amemaliza. Tatizo ni kwamba omu 8 zilizoandikwa nyuma ya spika ni makadirio tu. Kwenye baadhi ya sauti mzigo hushuka, kwenye nyingine, hasa besi fulani, hupanda mara kadhaa. Waya mwembamba hula zaidi pale mzigo uliposhuka na kula kidogo pale ulipopanda. Matokeo yake ni besi inayovuma mahali pamoja na maneno yanayofifia. Isitoshe, ampli hupoteza mshiko wake juu ya koni ya spika, ndiyo maana ngoma haikatiki upesi. Huo ndio "utengenezaji wa sauti" tulioupata, na hakuna aliyeuomba.

Je, waya mnene wa kawaida na waya wa gharama kubwa vinatofautiana? Mwaka 1983 jarida la Marekani la Stereo Review liliwakalisha wasikilizaji bila kuwaambia waya upi unatumika. Waya mwembamba kupindukia waliutambua, hasa kwa kelele maalumu ya majaribio. Lakini kati ya waya wa kawaida wenye unene wa kutosha na ule wa chapa ya Monster Cable, muziki ulipopigwa, hawakuweza kutofautisha kwa uhakika. Wapo wanaolipinga jaribio hilo hadi leo. Mimi naona linanitosha kama mfanyabiashara: nauza unene, urefu na aina ya madini, vitu ambavyo mteja anaweza kuvipima.

Kuna mahali pamoja ambapo nakubali waya utengeneze sauti, nako ni kwenye gitaa la umeme. Nakivale ina Wakongomani wengi, na palipo na Wakongomani pana gitaa. Gitaa la kawaida lisilo na betri lina mkondo dhaifu, na waya mrefu hunyonya ukali wake wa juu. Mpigaji anaweza kuupenda ulaini huo akauchagua makusudi. Ni haki yake, kwa kuwa yeye bado anapika. Baada ya hapo sisi wengine ni wapakuzi.

Kwa kipaza sauti mambo ni tofauti tena. Mtu akilalamika kuhusu mvumo, mara nyingi waya wa mike umelazwa sambamba na waya wa umeme, au wavu wa kinga ndani yake una nyuzi chache. Waya wa plagi ya pini tatu hubeba sauti kwa nyuzi mbili zilizo kinyume, ili mvumo unaoingia njiani ujifute kwenye miksa. Ukiukata ukafunga jeki ya gitaa ili kuokoa fedha, umeutupa ulinzi huo.

Sasa, kabla hujalipa. Kukwangua ni hatua ya kwanza, lakini kata na uangalie moyo wa uzi, si uso. Ipo shaba halisi iliyopakwa bati, nyeupe kwa nje na nyekundu ndani, hiyo usiikatae. Hatua ya pili ni mizani. Waya wa nyuzi mbili zenye milimita 1.5 za mraba, mita 100, una shaba ya kilo 2.7 hivi kabla ya kuhesabu plastiki. Ule wa alumini iliyopakwa una madini ya takriban kilo 1. Hatua ya tatu ni multimita: fungisha ncha mbili za upande mmoja, pima upande wa pili. Rola hiyohiyo ikiwa shaba itasoma karibu omu 2.3, ikiwa alumini iliyopakwa, kama 3.5. Kumbuka kutoa ukinzani wa nyaya za kipimo chenyewe. Namba ikipanda zaidi ya hapo, hata unene ulioandikwa ni wa uongo.

Jambo la forodha nalo huwaponza wengi. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomhudumia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama. Waya uliotoka China haugeuki kuwa wa Uganda kwa sababu umeununua Kampala au Mbarara. Ukiufikisha Mutukula na cheti cha asili kisichouhusu, utazuiwa, na ni haki. Lakini waya uliotengenezwa ndani ya jumuiya, kama ule wa kiwanda cha East African Cables cha Nairobi, una asili ya kuonyesha, na waya wa shaba wa kufungia nyumba huipeleka sauti vizuri kabisa, ingawa ni mgumu kukunja.

Rola yangu ya Makenke sikuitupa. Kwa spika moja ya omu 8 chumbani, umbali wa mita 3, hasara yake ni kama wati 5 katika 100, na hakuna atakayelalamika. Nimeikata vipande vifupi, nimeandika kwa kalamu "alumini", na naiuza kwa bei ya alumini. Wateja wa kwanza waliuliza kwa nini ni rahisi hivyo, nikawaonyesha wembe.